Biashara ya Kurudisha Siku Ikomeshwe

Katika maduka mengi ya dawa, mijini na vijijini, kuna bidhaa ambayo haiandikwi kwenye ubao wa bei wala haitajwi kwa sauti. Mteja husubiri wengine waondoke, kisha huinama juu ya meza na kueleza kwamba mwezi huu hajaziona siku zake na anaomba dawa ya kuzirudisha. Muuzaji haulizi mengi. Hukata vidonge kadhaa kutoka kwenye pakiti, huvitia katika bahasha ndogo, hutaja bei na kupokea fedha. Shughuli yote huisha upesi kuliko kununua nusu kilo ya sukari. Mimba haikupimwa, ugonjwa haukutafutwa, na swali lililomtoa mwanamke huyo nyumbani kwake halikujibiwa. Alichouziwa ni damu, au ahadi ya damu.

Biashara hii imezoeleka mno hata imeanza kuonekana kuwa huduma. Hapana budi iitwe kwa jina lake: ni ulanguzi wa hofu. Mlanguzi wa sukari huficha bidhaa ili bei ipande. Mlanguzi huyu huficha maarifa, kwa kuwa anajua kwamba mwanamke aliyeelewa sababu ya kuchelewa kwa siku zake hatakuwa na haja ya bahasha yake.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kuchelewa kwa hedhi si ugonjwa wenye dawa yake, kama vile kichocho kilivyo na dawa yake. Ni ishara, nayo ishara moja yaweza kuwa na asili nyingi. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 huhesabiwa kuwa wa kawaida, na tofauti ya siku chache kati ya mwezi na mwezi si jambo la kutisha. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, mzunguko huweza kufika siku 45 bila ya kuwapo kasoro yoyote, kwa sababu mawasiliano kati ya ubongo wake na ovari zake yangali yakikomaa. Hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka miwili au mitatu. Mama anayenyonyesha mchana na usiku huweza kukaa miezi mingi bila kuona damu. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huweza kukaa vivyo hivyo, na wengi walioitumia kwa muda mrefu hukosa hedhi kabisa pasipo kudhurika. Aliyekaribia ukomo wa hedhi huona siku zake zikipotea na kurudi. Msiba, mitihani, njaa, kazi nzito na kupungua uzito ghafla, vyote huweza kuzichelewesha.

Yapo pia maradhi. Tezi ya shingoni huweza kufanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Homoni inayoamrisha maziwa huweza kuzidi kwa mwanamke asiyenyonyesha. Ovari huweza kujaa vifuko vidogo vingi, hali ambayo aghalabu huandamana na chunusi, vinyweleo vya usoni na shida ya kupata mtoto. Hata kifua kikuu, ambacho wengi hudhani kuwa ni cha mapafu tu, huweza kushambulia mfuko wa uzazi. Na mbele ya yote hayo ipo mimba, ambayo ndiyo sababu ya kwanza kufikiriwa kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayefanya tendo la ndoa.

Sasa na ajitokeze mwenye duka aeleze: ni kidonge gani hicho kiwezacho kutibu kwa pamoja msiba, kunyonyesha, tezi, kifua kikuu na mimba?

Vidonge vinavyotolewa zaidi kwa kazi hiyo ni vya homoni, hasa norethisteroni na medroksiprojesteroni, ambazo huiga projesteroni iliyomo katika mwili wa kila mwanamke. Utendaji wake si muujiza. Vikimezwa kwa siku kadhaa hushikilia utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Vikiachwa, utando huo hukosa nguzo yake, hubomoka, na damu hutoka katika muda wa siku mbili hadi saba hivi. Daktari ana matumizi halali ya dawa hizo. Akishahakikisha kwamba mimba haipo, huweza kuzitumia kama kipimo: damu ikitoka, anajua kwamba mwili unatengeneza estrojeni na kwamba njia iko wazi; isipotoka, anaendelea kutafuta kwingine. Kwa daktari, damu hiyo ni mwanzo wa uchunguzi. Kwa muuza duka ni mwisho wa biashara.

Hapo ndipo ulipo udanganyifu wenyewe. Damu hiyo ni matokeo ya kuacha dawa. Haithibitishi kwamba yai limekomaa, wala kwamba tezi imetulia, wala kwamba ovari zimepona. Mwezi unaofuata siku huchelewa tena, na mteja hurudi dukani. Hivyo mwanamke mwenye maradhi ambayo yangetibika mapema hufichwa maradhi yake na damu ya kununua, mwaka wa kwanza na wa pili, mpaka siku anapotaka mtoto asimpate. Kwa mfanyabiashara asiye na dhamiri, hakuna dawa tamu kama ile isiyoponya.

Kwa mwenye mimba mambo ni mabaya zaidi. Wengi hununua vidonge hivi wakiamini kwamba vitaitoa. Havitoi. Mimba hujipatia projesteroni yake yenyewe, kwa hiyo anayemeza vidonge na kuviacha hakatishi kitu. Damu isipotoka, hudhani kwamba alimeza kidogo, hurudi kuongeza. Wiki mbili hupita, kisha nne, kisha nane. Mwanamke ambaye angefurahi kulea mimba yake amepoteza muda ambao angekwisha kuanza kliniki, akapimwa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, akapewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Yule aliyekuwa katika dhiki amepoteza muda ambao angepata ushauri wa mtu anayejua. Wote wawili wamelipa fedha ili wapotezewe wakati.

Ipo hatari moja ambayo peke yake ingetosha kuifunga biashara hii. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi ndani ya mrija. Mwenye mimba ya namna hiyo hukosa siku zake kama mjamzito yeyote, kisha huanza kutokwa na damu kidogo, pamoja na maumivu ya tumbo, aghalabu upande mmoja. Akiwa amemeza vidonge vya kurudisha siku, ataiona damu hiyo na kumshukuru muuza duka. Atalala akiamini kwamba mambo yamekwisha, kumbe mrija unavimba. Ukipasuka, damu humwagikia tumboni, na asipofikishwa mapema penye upasuaji hufa. Kipimo cha mkojo na maswali matatu yangemwelekeza hospitali. Muuzaji hakuuliza hata moja.

Wako watakaodhani kwamba upofu huu ni wa watu wasiosoma na wa nchi maskini peke yake. La hasha. Kisa chake kikubwa kilitokea katika nchi zenye maabara na vyuo vikuu, tena kwa mikono ya madaktari.

Nchini Uingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1978, kampuni ya Schering ya Ujerumani iliuza vidonge vilivyoitwa Primodos. Ndani yake mlikuwa na norethisteroni pamoja na estrojeni ya kutengenezwa. Mwanamke aliyechelewa siku zake alimeza vidonge viwili. Akiona damu aliambiwa kwamba hana mimba, asipoiona aliambiwa kwamba anayo. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao milioni 1.5 wa nchi hiyo walivitumia. Yaani mjamzito alilishwa homoni zenye nguvu, katika wiki zile zile ambazo viungo vya mtoto hujengwa, ili kuthibitisha tu kwamba ni mjamzito.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba kipimo kisicho na hatari kilikuwapo. Tangu miaka ya 1930 maabara zilikuwa zikimtumia chura kutoka Afrika Kusini. Alidungwa sindano yenye mkojo wa mwanamke, na mwanamke akiwa mjamzito chura alitaga mayai kabla ya siku kwisha. Kuanzia mwaka 1960 vikaja vipimo vya mkojo visivyohitaji mnyama yeyote. Chura hakumwingia mama mwilini wala hakumgusa mtoto. Lakini chura alihitaji maabara na subira. Kidonge kilihitaji mkoba wa daktari na faida ya kampuni.

Mwaka 1967 daktari Isabel Gal, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto huko Surrey, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wake. Miongoni mwa akina mama waliozaa watoto wenye mgongo wazi, waliotumia vidonge vya kupimia mimba walikuwa wengi kuliko miongoni mwa akina mama wengine. Wakuu wa usalama wa dawa walitoa onyo mwaka 1975, miaka minane baadaye. Dawa ikaondolewa sokoni mwaka 1978. Tume iliyoongozwa na Baroness Julia Cumberlege ilitoa ripoti yake Julai 2020 na kusema kwamba vidonge hivyo vilistahili kuondolewa tangu mwaka ule wa 1967, na serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi.

Ni haki kueleza kwamba wanasayansi hawajakubaliana kuhusu vilema vyenyewe. Jopo la wataalamu wa serikali lilisema mwaka 2017 kwamba ushahidi hauthibitishi kuwa vidonge ndivyo vilivyovisababisha. Wengine waliochambua takwimu hizo wameona uhusiano. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya mjini London iliyatupilia mbali madai ya familia. Lakini ubishi huo hauwasafishi wauzaji hata kidogo. Dawa ya saratani huweza kuwa na madhara na ikakubalika, kwa sababu bila hiyo mgonjwa hufa. Kidonge cha kuleta damu kwa mtu asiyejulikana ana nini hakina faida ya kuweka kwenye upande wa pili wa mizani. Pasipo faida, hata hatari ya kushukiwa ni nyingi mno.

Kisa hicho hakikuishia Uingereza. Wakati soko la huko likifungwa, dawa zenye mchanganyiko mkali wa estrojeni na projesteroni ziliendelea kuuzwa katika nchi za Asia, na nchini India wanawake wengi walizinunua kwa kupima mimba au kwa kutaka kuitoa. Serikali ya India ilizipiga marufuku mwaka 1982. Watengenezaji hawakutii. Walikimbilia mahakamani na kupata amri ya kuendelea kuuza. Vyama vya wanawake na vya watumishi wa afya vilishika bango kwa miaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipoagiza mwaka 1987 kwamba maoni ya wananchi yasikilizwe hadharani. Mwaka 1988 mchanganyiko huo mkali ulipigwa marufuku. Miaka sita ilipita kati ya amri ya kwanza na utekelezaji, na katika miaka yote hiyo fedha ziliingia sandukuni kila siku. Fundisho lake ni dhahiri: marufuku iliyoandikwa na marufuku inayotekelezwa ni vitu viwili mbalimbali, na katikati yake ndimo mfanyabiashara anamojenga nyumba yake.

Hapa nchini homoni hizi ni dawa za cheti cha daktari. Iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, liko Baraza la Famasi, wako wakaguzi wa mikoa na wilaya. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yaliletwa ili mwananchi wa kijijini apate dawa bora kutoka kwa mtu aliyefunzwa, asiangukie mikononi mwa wachuuzi. Ni nia njema iliyofanya kazi njema. Inapotokea muuzaji wa duka la namna hiyo akageuza koti lake jeupe kuwa kibali cha kuuza chochote kwa yeyote, anaihujumu nia hiyo, na anayemwona akanyamaza anamsaidia.

Tena homoni zisipoleta damu, mteja hupelekwa hatua ya pili. Hapo huingia misoprostoli. Dawa hii ina heshima yake. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wakunga huitumia kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua. Lakini ikiuzwa chini ya meza kwa jina la kurudisha siku, bila kujulikana umri wa mimba wala mahali ilipotunga, bila maelezo na bila mtu wa kumrudia, huweza kumwacha mwanamke na mimba iliyotoka nusu, damu isiyokoma na homa. Wengine hupewa mizizi isiyo na kipimo, au chai iliyokolezwa kupita kiasi, au maji ya bluu ya kufulia. Katika miaka ambayo klorokwini ilikuwa dawa kuu ya malaria, wako wasichana katika nchi kadhaa za Afrika waliomeza vidonge vyake vingi kwa mara moja. Mimba haikutoka, moyo ukasimama. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake zilitolewa mimba zipatazo 405,000 nchini Tanzania, nyingi zikiwa kwa njia zisizo salama. Si wote hao walioanzia kwenye bahasha ya duka la dawa. Lakini bahasha hiyo ni mlango mmojawapo, nao uko wazi mchana kweupe.

Ni vema pia kutazama kwa nini neno lenyewe limechaguliwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina utata. Vifungu vya 150 hadi 152 vinamwadhibu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa dawa akijua makusudio yake miaka 3. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo muuzaji hasemi kwamba anatoa mimba. Anasema kwamba anarudisha siku. Hakuuliza kama mimba ipo, basi hajui. Mnunuzi hakusema, basi hakukiri. Maneno hayo mawili mapole ni pazia linalomkinga muuzaji mbele ya sheria na kumwachia mwanamke hatari yote peke yake. Lugha ya staha imegeuzwa chaka la kujificha.

Hapa walimu wanaguswa moja kwa moja. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na kila msichana wa Tanzania alikua akijua hivyo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini waraka huwasili shuleni mapema kuliko imani. Msichana wa kidato cha pili ambaye siku zake zimechelewa bado huona mbele yake mlango wa shule ukifungwa, baba akifoka na kijiji kikimcheka. Huenda hana mimba kabisa. Huenda mwili wake unakomaa tu, au mtihani umemtia hofu. Hakuna aliyemweleza hayo. Anachokijua ni duka lililo karibu na kituo cha basi.

Mwalimu anayesimama mstarini na kutishia kumwumbua atakayekutwa na ujauzito hudhani kwamba anailinda nidhamu. Kwa kweli anampelekea muuza vidonge wateja. Na mwalimu anayeiruka mada ya hedhi katika somo la baiolojia, kwa sababu darasa lina wavulana na yeye mwenyewe anaona haya, amemkabidhi muuza duka kipindi chake. Yatajazwa na mtu. Elimu isipotolewa bure darasani, uongo huuzwa kwa fedha dukani.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni siri ya wanawake na hayafai kujadiliwa hadharani. Siri ni jambo jema pale inapomhifadhi mwenye siri. Lakini siri hii inamhifadhi nani? Mwanamke akifa kwa mrija uliopasuka, jamaa huambiwa kwamba aliumwa tumbo, mazishi hufanywa, na duka hufunguliwa kesho yake asubuhi. Mababu hawakuwa na haya ya namna hii. Katika jamii nyingi za nchi hii msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akapewa kungwi au somo, akaelezwa mwili wake waziwazi na watu wazima wanaomtakia heri. Yako yaliyofundishwa unyagoni ambayo hayafai leo, lakini kanuni yake ilikuwa sahihi: msichana hakuachwa ajifunze mwili wake kwa mchuuzi.

Wengine watasema kwamba zahanati iko mbali, foleni ni ndefu na wahudumu wana maneno makali, na kwamba duka la dawa angalau humpokea mtu bila kumsuta. Hoja hii ina ukweli, na watumishi wa afya hawana budi kuisikiliza kwa unyenyekevu. Mhudumu anayemwuliza msichana kwa kejeli, mbele ya watu, mimba ni ya nani, anastahili lawama sawa na muuza vidonge. Lakini ubovu wa huduma halali hauhalalishi huduma ya uongo. Njia ya kijiji ikiwa na mashimo, dawa yake ni kuiziba. Hakuna awezaye kuwashauri wananchi wapite mtoni penye mamba.

Wapo pia wanaodai kwamba jawabu la yote ni maadili, kwamba wasichana wakijizuia habari itakuwa imekwisha. Maadili ni ngao ya jamii, na hakuna anayeyabeza. Lakini mteja wa vidonge hivi mara nyingi ni mke wa mtu mwenye watoto wanne, au mama anayenyonyesha, au mtumishi wa umri wa miaka 46 anayekaribia ukomo wa hedhi, au mwanamwali ambaye hajamjua mwanamume. Hao wote wanahitaji jibu, wala hawakutenda kosa lolote la kukaripiwa.

Nini basi kifanyike? Jambo la kwanza ni kipimo. Mwanamke aliyekosa siku zake na aliyefanya tendo la ndoa apime mkojo kabla ya kumeza kitu chochote. Kipimo hicho huuzwa katika maduka hayo hayo, na hutoa jibu katika dakika chache. Huanza kuaminika tangu siku ambayo hedhi ilitazamiwa. Kikionyesha kwamba hakuna mimba na damu bado haijaonekana, kirudiwe baada ya wiki moja. Anayeuza homoni bila kuulizia kipimo, ilhali vipimo vimo katika rafu iliyo nyuma yake, hawezi kudai kwamba hakujua.

Jambo la pili ni kuzijua dalili za kukimbilia hospitali: kukosa hedhi pamoja na maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu, kuzimia, au damu isiyo ya kawaida. Mwenye hayo asipitie dukani hata kidogo. Asiye na mimba na ambaye siku zake zilikuwa na utaratibu, akizikosa kwa miezi mitatu aende akachunguzwe. Msichana aliyefika umri wa miaka 15 bila kuvunja ungo naye achunguzwe. Na mwanamke anayefika hospitali akitokwa na damu, kwa sababu yoyote iwayo, ahudumiwe kwanza. Mkunga hakuapishwa kuwa mpelelezi.

Jambo la tatu ni utekelezaji. Wakaguzi wa dawa wasiishie kutazama tarehe za kwisha muda kwenye pakiti. Watazame vitabu vya mauzo, walinganishe homoni zilizoingia na vyeti vilivyopokelewa, na duka litakaloshindwa kueleza tofauti lifungwe. Kufunga duka moja kwa haki kutafundisha maduka mia. Kadhalika, anayetangaza dawa za kurudisha siku kwa karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme ameandika namba yake ya simu hapo kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mhalifu mwepesi kupatikana kuliko yeye.

Jambo la nne linawahusu wanaume, ambao katika mjadala huu hujifanya wageni. Mara nyingi mwanamume ndiye anayetoa fedha za vidonge, tena kwa haraka, akiagiza kwamba jambo limalizike kabla ya mwisho wa wiki. Akiwa mwalimu au mtumishi wa umma, na binti akiwa mwanafunzi, basi pamoja na ulanguzi kuna jinai kubwa, na wenzake wanaomfichia wanashiriki jinai hiyo. Mwanamume mwenye heshima humsindikiza mkewe kwenye kipimo, hamtumi peke yake kwenye bahasha.

Watumishi wa serikali na walimu ndio waliosoma, na nyumbani kwao ndiko jirani anakokuja kuuliza neno la kitaalamu. Wao wanaweza kuisema kweli hii ofisini, darasani, katika kamati za shule na katika mabaraza ya kata, pasipo kusubiri bajeti wala semina. Kuchelewa kwa siku ni swali la mwili. Swali hujibiwa kwa kupima na kuchunguza, na mwenye swali hujibiwa kwa heshima. Anayechukua fedha ya mwanamke mwenye hofu na kumpa damu mahali pa jibu amemwibia mara mbili: amechukua fedha yake, na amechukua siku ambazo huenda zingeokoa maisha yake. Mwizi wa namna hiyo hastahili leseni ukutani.